India na vita vya lugha: kushindwa kulikoiokoa nchi

Geuza noti ya rupia ya India utazame nyuma yake. Pembeni kuna kisanduku chenye mistari 15, kila mstari kwa lugha yake, na yote inataja jambo moja tu: thamani ya noti yenyewe. Kiasamu kinaanza na Kiurdu kinafunga, kwa kuwa mpangilio umefuata alfabeti ya Kiingereza. Upande wa mbele wamekaa Kihindi na Kiingereza. Lugha 17 kwenye karatasi moja, na bado wapo mamilioni wanaolalamika kuwa lugha yao imeachwa nje.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki suala hili hutupita kirahisi. Tukimsikia mwenye duka akimwita mwanawe tunasema "anaongea Kihindi", kumbe familia nyingi za Wahindi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam huongea Kigujarati au Kikachi nyumbani, na Kihindi wanakisikia zaidi kwenye filamu. Na kwa kuwa wengi wetu tumekulia kwenye Kiswahili, swali la kwanza linalotujia ni kwa nini wale nao hawakuchagua lugha moja yakaisha.

Walijaribu. Viongozi wa uhuru walitaka lugha moja ya taifa, na walitaka mipaka ya majimbo isifuate lugha. Wakashindwa kote kuwili. Naamini kushindwa huko kuliifaa India kuliko ushindi mwingi walioupata. Lakini tuanze mbali kidogo, maana huwezi kuelewa hofu yao bila kujua ahadi waliyoitoa kwanza.

Waingereza waliigawa India kadiri walivyoiteka. Mkoa wa Madras ulichanganya watu wa Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada. Mkoa wa Bombay ulikuwa na Wamarathi, Wagujarati, Wasindhi na wengineo. Chama cha Congress, kilichoongoza harakati za uhuru, kilipotaka kutoka kwenye mabaraza ya mawakili na kuwafikia wakulima, kiliona mapema kwamba hotuba za Kiingereza hazimtoi mkulima shambani. Mwaka 1920, kwenye mkutano wa Nagpur, kikapanga upya kamati zake za mikoa kwa kufuata lugha. Kamati ya Andhra ikawepo miaka mingi kabla ya jimbo la Andhra. Watu wakaelewa, na walikuwa na haki kuelewa hivyo, kwamba uhuru ukija ramani nayo itabadilika.

Uhuru ukaja mwaka 1947 pamoja na mgawanyiko. Pakistan ikakatwa kwa msingi wa dini, watu zaidi ya milioni 10 wakahama makwao, na waliouawa walikuwa mamia ya maelfu. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru na naibu wake Vallabhbhai Patel, waliokuwa wakitia sahihi ahadi za chama chao bila wasiwasi, sasa walishtuka. Nchi imetoka kupasuliwa kwa dini, leo tuipasue tena kwa lugha? Tume ya mwaka 1948 ikasema hapana. Kamati ya mwaka 1949, iliyokuwa na Nehru, Patel na Pattabhi Sitaramayya, nayo ikasema ngojeni. Sitaramayya alikuwa mtu wa Kitelugu aliyelidai jimbo la Andhra kwa miaka mingi. Cheo kinaweza kumfanya mtu aahirishe hata ndoto yake.

Aliyekataa kungoja ni Potti Sriramulu. Alikuwa mhandisi wa reli aliyeacha kazi akajiunga na Gandhi kwenye ashramu yake, yaani makazi ya wafuasi wake, ya Sabarmati. Tarehe 19 Oktoba 1952 alianza kufunga kula mjini Madras, akidai jimbo la watu wa Kitelugu. Nehru hakutaka kuonekana anasalimu amri kwa mtu mmoja mwenye njaa. Ajabu ni kwamba Waingereza walikuwa na hisia hiyohiyo kwa Gandhi. Usiku wa tarehe 15 Desemba Sriramulu akafa. Miji ya Kitelugu ikalipuka, treni zikazuiwa, polisi wakafyatua risasi, na kabla wiki haijaisha Nehru alitangaza kuwa jimbo litaundwa. Tarehe 1 Oktoba 1953 Andhra ikazaliwa, bila jiji la Madras, ambalo Watamil hawakuliachia.

Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kuwaambia wengine wangoje. Tume mpya ikaundwa, na tarehe 1 Novemba 1956 ramani ya India ikachorwa upya: majimbo 14 na maeneo 6 ya serikali kuu. Wamalayalam wakapata Kerala. Wakannada waliokuwa wametawanyika kwenye mamlaka mbalimbali wakaletwa pamoja. Bombay iliachwa ikiwa mchanganyiko, kwa sababu jiji lilikuwa na viwanda vya pamba na fedha ambazo hakuna aliyetaka kuzipoteza. Wamarathi wakaandamana, zaidi ya watu 100 wakauawa katika harakati hizo, na tarehe 1 Mei 1960 Maharashtra na Gujarat zikatenganishwa. Mnara wa kuwakumbuka waliokufa umesimama kwenye eneo lenye shughuli nyingi kusini mwa Mumbai, jina la leo la jiji la Bombay, na watu huupita kila siku wakiwahi kazini.

Punjab ilisubiri hadi 1966, na kisa chake kinafundisha jinsi lugha inavyoweza kuvikwa nguo isiyo yake. Masingasinga walidai jimbo la Kipunjabi. Serikali ilishuku kwamba wanadai jimbo la dini, na haikukosea kabisa. Lakini upande wa pili nao Wahindu wengi wa Punjab, waliokuwa wakiongea Kipunjabi jikoni na sokoni, walipoulizwa na karani wa sensa walijibu kuwa lugha yao ya mama ni Kihindi. Pande zote mbili zilikuwa zinaitumia lugha kusema jambo jingine.

Hiyo ni ramani. Vita ya pili ilikuwa ya lugha ya serikali yenyewe, na kwa sehemu kubwa ilipiganiwa ndani ya ukumbi.

Bunge la kutunga katiba lilikuwa limeanza kikao juzi tu, Desemba 1946, pale mjumbe R. V. Dhulekar aliposimama na kuanza kusema kwa Kihindustani, lugha ya mazungumzo ya Kaskazini iliyo kati ya Kihindi na Kiurdu. Alipokumbushwa kuwa wenzake wengi hawamwelewi, akajibu kwamba asiyejua Kihindustani hana haki ya kukaa India. Wajumbe wa kusini hawakulisahau jibu hilo. Miaka mitatu waligombana, na kufikia Septemba 1949 walikuwa wanagombania hata tarakimu: nchi ihesabu kwa tarakimu za Devanagari, maandishi ya Kihindi, au kwa hizi 1, 2, 3 za kila mahali? Mwishowe katiba ikaamua kuwa lugha rasmi ya serikali kuu ni Kihindi kwa maandishi ya Devanagari, lakini tarakimu zitumike hizi za kimataifa, ambazo kwa ujanja mzuri wa kisheria ziliitwa "tarakimu za India kwa umbo la kimataifa". Kiingereza kikapewa miaka 15 ya kufungasha virago. Hakuna lugha iliyotangazwa kuwa lugha ya taifa. Badala yake kukawa na orodha, Jedwali la Nane, yenye lugha 14.

Miaka 15 ilikwisha tarehe 26 Januari 1965. Madras walikuwa wanaihesabu.

Kule ugomvi ulikuwa wa zamani. Mwaka 1937 C. Rajagopalachari, kiongozi wa serikali ya mkoa, aliamuru Kihindi kifundishwe shuleni. Maandamano yakafuata, watu zaidi ya elfu wakafungwa, vijana wawili wakafa wakiwa kizuizini mwaka 1939, na amri ikafutwa mwaka uliofuata. Miaka ya 1960 Rajagopalachari huyohuyo, sasa mzee, alikuwa upande wa pili akitetea Kiingereza kibaki. Wapo wanaomwita kigeugeu. Mimi namwona kama mtu aliyejifunza kitu ambacho Delhi haikutaka kujifunza.

Januari 1965 wanafunzi waliingia barabarani, vijana kadhaa wakajichoma moto, polisi wakaua makumi ya watu. Mawaziri wawili wa serikali kuu kutoka Madras wakatoa barua za kujiuzulu. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri, mwenyewe mzungumzaji wa Kihindi, alikwenda redioni tarehe 11 Februari kuahidi kuwa Kiingereza hakitaondolewa. Ahadi ikawekwa kwenye sheria mwaka 1967, na namna ilivyoandikwa inastahili kutazamwa. Kiingereza kitaendelea kutumika katika shughuli za serikali kuu hadi mabunge ya majimbo yote ambayo hayajakichukua Kihindi kuwa lugha rasmi yaazimie kukiondoa. Yote. Jimbo moja likigoma, hakuna kinachobadilika.

Mwaka huohuo DMK, chama cha Watamil, kilishinda uchaguzi Madras, na Congress haikurudi tena kuongoza jimbo lile, ambalo mwaka 1969 lilipewa jina la Tamil Nadu. Viongozi wa DMK hawakuwa wanasheria wa Oxford. C. N. Annadurai na M. Karunanidhi walikuwa watunzi wa tamthilia na miswada ya filamu, watu walioutafuta umma kwa mazungumzo ya jukwaani yenye Kitamil kitamu kiasi kwamba watazamaji walitoka wameyakariri. Annadurai alikuwa na dhihaka inayosimuliwa hadi leo: kama wingi ndio unaoamua, mbona ndege wa taifa ni tausi, si kunguru? Fasihi pale haikusubiri siasa iimalize kazi yake. Ilikuwa ndiyo siasa. Na mori haujapoa. Machi 2025, katikati ya mvutano na Delhi juu ya fedha za elimu na ufundishaji wa lugha, serikali ya Tamil Nadu ilichapa nembo ya bajeti yake ikiwa imetoa alama ya rupia na kuweka herufi ya Kitamil.

Sasa tazama majirani. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, alisimama Dhaka akawaambia Wabengali, waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote Pakistan, kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu na si nyingine. Tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawapiga risasi wanafunzi wa Dhaka waliokuwa wakidai Kibengali. Pakistan baadaye ilikubali, lakini shina la uadui lilikuwa limeshapandwa, na mwaka 1971 nchi ikavunjika, Dhaka ikawa mji mkuu wa Bangladesh. Sri Lanka nayo, mwaka uleule wa 1956 ambao India ilichora majimbo ya lugha, ilipitisha sheria ya kukifanya Kisinhala, lugha ya walio wengi, kuwa lugha pekee rasmi, Kitamil cha walio wachache kikaachwa nje. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1983 na kwisha 2009 vilikuwa na sababu nyingi, lakini hakuna mwanahistoria makini anayeiacha sheria ile nje ya hesabu.

Yaani hofu ya Nehru ilikuwa kinyume na mambo yalivyo. Aliogopa kwamba kuzipa lugha nafasi kutaivunja nchi. Nchi zilizovunjika au kuungua ni zile zilizozinyima. Simlaumu sana, mtu aliyeona treni za maiti za mwaka 1947 ana ruhusa ya kuogopa. Na kwa sifa yake, alipobanwa alikubali, jambo ambalo viongozi wengi wa kizazi chake, huku kwetu na kwingineko, hawakuliweza.

Kuna jeraha moja, hata hivyo, ambalo ramani haikuliponya: Kiurdu. Ukiwasikiliza watu wawili wa Lucknow wakinunua mboga, hutajua nani anaongea Kihindi na nani Kiurdu, kwa kuwa sarufi na maneno ya kila siku ni yaleyale. Tofauti iko kwenye maandishi, na kwenye kisima cha maneno makubwa: huyu huchota Kisanskriti, yule Kiajemi na Kiarabu. Katika karne ya 19 shule, mahakama na ajira za ukarani ziliifanya tofauti hiyo iwe ya mkate. Mwaka 1900 serikali ya kikoloni ya mkoa ule iliruhusu Devanagari mahakamani sambamba na maandishi ya Kiurdu, na kutoka hapo karani wa Kiislamu na karani wa Kihindu walijikuta wanashindana kupitia herufi.

Anayenisaidia kuiona hali hiyo ni Premchand, mwandishi mkubwa wa riwaya wa Kaskazini. Alianza kwa Kiurdu. Mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1908 ulitaifishwa na serikali kwa uchochezi, ndipo akabadili jina la uandishi na kuwa Premchand. Baadaye akahamia Kihindi, kwa sababu rahisi kwamba wachapishaji na wasomaji walikuwa wanahamia huko. Riwaya iliyompa jina katika Kihindi, Sevasadan, aliiandika kwanza kwa Kiurdu, lakini ya Kihindi ndiyo iliyochapishwa mapema; ya Kiurdu ikangoja miaka. Mtu mmoja, kisa kimoja, na soko likaamua atakumbukwa wa lugha gani. Gandhi alitaka pawe na Kihindustani kinachoandikwa kwa maandishi yote mawili. Mgawanyiko wa 1947 uliliua wazo hilo: Pakistan ilipokichukua Kiurdu, India wakakiona kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Mgeni gani aliyezaliwa nyumbani? Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu kuhusu ubao wa halmashauri ya mji wa Patur, Maharashtra, ulioandikwa Kimarathi na chini yake Kiurdu. Mlalamikaji alitaka Kiurdu kifutwe. Majaji wakakataa, wakasema lugha si dini, na kwamba Kiurdu ni lugha iliyozaliwa India. Ni hukumu nzuri. Kinachosikitisha ni kwamba ilibidi ubao wa halmashauri ufike mahakama ya mwisho ya nchi ili jambo hilo lisemwe.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoisifu ramani ya 1956 bila kikomo. Kila lugha iliyopata jimbo ilipata pia wachache wa kuwabana. Assam ilipokifanya Kiasamu kuwa lugha rasmi mwaka 1960, Wabengali wa bonde la Barak wakapinga. Tarehe 19 Mei 1961, kwenye stesheni ya reli ya Silchar, polisi wakaua watu 11, mmoja wao msichana aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa kumaliza shule. Ni miaka tisa baada ya Dhaka, na kwa lugha ileile. Mwaka 2014 Telangana ikajitenga na Andhra Pradesh, Watelugu kwa Watelugu, kwa sababu kuongea lugha moja hakukuwa kumegawa maji, ajira na madaraka kwa haki.

Na wapo wasiohesabiwa kabisa. Sensa ya 2011 ilitangaza kuwa wenye Kihindi ni asilimia 43.6 ya watu wote. Fungua jedwali lenyewe utakuta ndani ya Kihindi wamehesabiwa watu wa Kibhojpuri wapatao milioni 50, Kirajasthani, na lugha nyingine kadhaa. Waliojibu "Kihindi" kwa jina hilo walikuwa kama milioni 322, yaani robo ya nchi na ziada kidogo. Kikachi, lugha iliyosafiri kwa majahazi hadi Zanzibar, kimehesabiwa chini ya Kisindhi. Jedwali la Nane limepanuka toka lugha 14 hadi 22, Kimaithili na Kisantali wakiingia mwaka 2003, lakini Kibhojpuri bado kiko mlangoni, wakati Kisanskriti, ambacho watu wapatao 25,000 tu walikitaja kuwa lugha yao ya mama, kimekuwa ndani tangu siku ya kwanza na kina mstari wake kwenye noti.

Mei 2025 Banu Mushtaq alipata Tuzo ya Kimataifa ya Booker kwa hadithi fupi alizoandika kwa Kikannada, zikatafsiriwa na Deepa Bhasthi. Mushtaq ni mwanasheria wa mji wa Hassan, Mwislamu. Akiwa na umri wa miaka minane baba yake alimpeleka shule ya Kikannada, ikamkubali kwa sharti kwamba ajifunze kusoma na kuandika lugha hiyo ndani ya miezi sita. Alikuja kukua na kizazi cha waandishi wa upinzani waliotaka fasihi ya Kikannada ichukue sauti za wanawake, Waislamu na watu wa tabaka la chini. Kama unatafuta ushahidi kwamba majimbo ya lugha yalifanikiwa, kwamba lugha ya jimbo inaweza kuwa nyumba ya mtu yeyote anayeishi humo, sioni bora kuliko yeye.

Serikali ya Karnataka, jimbo la Wakannada, ikamwalika afungue sherehe za Dasara mjini Mysuru, ambazo huanza kwa ibada ya mungu wa kike Chamundeshwari. Wapinzani wakaja juu. Walisema Mwislamu hawezi kufungua ibada ya Kihindu, na wakafukua hotuba yake ya zamani alipolalamika kwamba kukigeuza Kikannada kuwa mungu wa kike, Bhuvaneshwari, kunawafungia nje watu kama yeye. Kesi ikafunguliwa. Mahakama Kuu ya Karnataka ikaitupa, Mahakama ya Juu ikaitupa tarehe 19 Septemba, na siku tatu baadaye Mushtaq alipanda kilima cha Chamundi, akamtupia mungu yule maua na kuhutubia kwa Kikannada. Wakosoaji wake walikuwa wamemshambulia kwa Kikannada hichohicho.